Patasi, wembe na kisu cha jikoni: ukague makali kwa macho, kwa lenzi ya sonara au kwa hadubini?

Nilinoa patasi miaka mingi bila kuyaona makali yake hata siku moja. Niliyapima kwa ukucha, niliyajaribu kwenye vinyweleo vya mkono, niliyasikiliza yakipita kwenye kichwa cha ubao wa msonobari. Kuyaona hasa, la. Siku niliyoyaona ni siku dalali mmoja wa madini alipokaa karakana kwangu, hapa Arusha, akisubiri meza yake ikauke vanishi. Mfukoni alikuwa na lenzi yake ya kukunja, ile wanayochungulia nayo tanzanaiti kabla ya kutaja bei. Akaniona nageuzageuza patasi dirishani.

"Fundi, unatafuta nini hapo?"

"Natazama kama imekubali."

"Shika hii, utazame vizuri."

Ilikuwa patasi ya inchi robo tatu, nimetoka kuinoa muda si mrefu, nimeshaipitisha hata kwenye jiwe laini. Nilitegemea kuona mstari mmoja ulionyooka. Nilichokiona ni ukanda mwembamba unaong'aa kama uzi wa fedha, umelala mwishoni kabisa, umeanzia pembe ya kushoto ukafika karibu na katikati. Mikwaruzo ya jiwe ilikuwa imepanda mteremko wa patasi (ule uso ulioinama unaoishia kwenye makali) ikiwa imepangana kama ukili, kisha ikakoma kabla ya kufika mwisho. Nusu ya patasi ilikuwa kali. Nusu nyingine jiwe halikuwahi kuigusa pale panapokata. Nilikuwa nang'arisha kitu ambacho hakijanoleka.

Nikarudi kwenye jiwe la 1000 (namba ndogo ni jiwe la chini, lenye chembe kubwa; namba kubwa ni jiwe laini), nikasugua hadi ule uzi wa fedha ukaisha, na patasi iliyokuwa ikinisumbua kwenye mtiki ikaanza kula ubao. Jiwe lilikuwa lile lile, chuma kile kile, mkono ule ule. Kilichoongezeka ni kujua pa kusugua.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila aina ya kioo cha kukuzia nilichoweza kukishika, na watu huniuliza wanunue kipi. Jibu linategemea unanoa nini. Lakini kuna jambo nalishikilia kwa wote: kifaa kinachofaa ni kile kinachokuambia ufanye nini sasa hivi, ungali umesimama mbele ya jiwe, mikono imelowa. Kile kinachokuonyesha mambo ambayo mkono wako hauwezi kuyarekebisha kitakula jioni yako bure.

Kinachotafutwa pale mwishoni

Makali ni mahali nyuso mbili za chuma zinapokutana. Zikikutana sawasawa, pale mwisho hapabaki upana wa kurudisha mwanga, kwa hiyo ukiyaelekeza makali kwenye taa huoni kitu, ni weusi tu. Zisipokutana, au makali yakishalika na kuwa mviringo, panabaki kijiuso chembamba, nacho hung'aa. Butu hung'aa, kali halionekani. Ukaguzi wote wa makali unasimama juu ya jambo hili, hata kifaa kiwe cha bei gani.

Kisha kuna uzi, nao si ule wa fedha niliouona kwenye patasi, ambao ulikuwa butu. Jiwe likifika mwisho husukuma chuma chembamba kikajikunja upande wa pili; ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni mwa kisu kutokea nje, utakihisi kikikukwaruza. Ukitokea urefu mzima wa makali, furahi, maana jiwe limefika kila mahali. Ukibaki baada ya kumaliza, hapo una tatizo: kisu kitapasua karatasi vizuri sana, halafu uzi utavunjika ukiwa kwenye nyanya ya pili na kukuachia butu. Watu wengi wanaolalamika kwamba kisu chao "hakishiki makali" hawana chuma kibaya, wana uzi ambao haukuondolewa.

Na mapengo, ambayo hayahitaji maelezo marefu. Ukiyaona, unarudi kwenye jiwe la chini zaidi na kushusha chuma hadi yaishe.

Sasa vipimo, kwa sababu ndivyo vinavyoamua kifaa. Milimita moja ni maikroni 1000. Unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70. Jicho zima, kitu kikiwa sentimita 25 kutoka usoni, hutenganisha mistari iliyoachana kama maikroni 100, au chini ya hapo kidogo. Chembe za jiwe la 1000 la Kijapani zina ukubwa wa kama maikroni 15. Za jiwe la 6000 ni kama 2 hadi 3. Makali yaliyonolewa vizuri, pale mwisho kabisa, ni chini ya maikroni 1. Mwanga wenyewe tunaouona una mawimbi ya maikroni 0.4 hadi 0.7, ndiyo maana hata hadubini bora ya mwanga ya maabara haitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko maikroni 0.2 hivi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kifaa chake kitakuonyesha ncha ya makali ya wembe jinsi ilivyo, huyo anauza tu. Tunachoweza kukiona vizuri ni mikwaruzo, mng'ao, uzi na mapengo. Vinatosha.

Macho na taa moja

Kwa visu vya jikoni anzia hapa, na huenda ukaishia hapa. Zima taa ya dari, washa balbu moja au tochi ya simu mbele yako, elekeza makali juu yakitazama mwanga, kisha yumbisha kisu polepole. Palipo butu patamweka kama nyota. Palipo na pengo utaona nukta moja inayong'aa. Mwanga wa mawingu au wa taa ndefu ya dari hautakusaidia, kwa sababu unatoka kila upande na chuma chote kinang'aa kwa pamoja. Ninaweka mkazo hapa kwa sababu nimeona watu wakinunua lenzi ya bei kubwa na kuitumia chini ya mwanga mbaya, kisha wakasema lenzi haina maana. Mwelekeo wa mwanga unafanya kazi kubwa kuliko namba ya kukuza.

Macho yanashindwa kwenye uzi mdogo wa mwisho, na yanashindwa zaidi kadiri umri unavyosogea. Aliyevuka miaka 40 na kitu hujikuta anasogeza kisu mbali ili akione, na kadiri anavyokisogeza ndivyo maelezo madogo yanavyopotea. Huyo miwani ya kusomea itamrudishia alichopoteza, naye atakuwa sawa na kijana. Ipo pia ile lenzi ya kuvaa kichwani, ya mara 2 hadi 3.5, inayoacha mikono yote miwili huru. Kwa kunoa meno ya msumeno mmoja mmoja kwa tupa, hiyo naipendekeza kuliko kitu kingine chochote kilichomo humu. Kwa makali marefu inakuza kidogo mno kuweza kuamua chochote.

Lenzi ya sonara, mara 10

Hii ndiyo ninayoitumia kila siku, nami nitaizungumza kwa urefu.

Kukuza kwa lenzi ya mkono huhesabiwa kwa kugawa milimita 250 kwa masafa ya lenzi. Lenzi ya mara 10 ina masafa ya milimita 25, maana yake chuma kinakaa kama inchi moja mbele ya lenzi. Umbali huo ni wa thamani, kwa sababu unaacha nafasi ya mwanga kuingia kutoka ubavuni na nafasi ya wewe kuzungusha patasi. Lenzi ya mara 20 inakuletea chuma hadi milimita 12.5 tu, kichwa chako na kingo za lenzi vinaanza kuziba taa, na ukitikisika kidogo picha inatoroka. Wafanyabiashara ya vito duniani kote hupanga usafi wa almasi kwa kuitazama kwa mara 10. Tangu tanzanaiti ianze kuchimbwa Mererani baada ya kugunduliwa mwaka 1967, lenzi hizi zimekuwa kitu cha kawaida mifukoni mwa madalali wa hapa, na si vigumu kumpata mtu wa kukuazima moja ujaribu kabla ya kununua.

Watu wengi huishika vibaya. Wanaiweka juu ya kisu, kisha wanarudisha kichwa nyuma kama wanaosoma gazeti kwa kioo. Lenzi inakaa kwenye jicho. Igusishe kwenye nyusi, kidole kiegemee shavuni, macho yote mawili yabaki wazi, halafu kilete chuma kwenye lenzi hadi picha iwe safi. Viwiko vyote viwili viegemee benchi. Tochi iwe pembeni, chini kidogo, mwanga ukilamba mteremko wa patasi badala ya kuupiga usoni. Sasa zungusha patasi taratibu kwenye mhimili wake: kwa pembe moja mteremko wote unawaka na mistari ya mikwaruzo inajitokeza, kwa pembe nyingine mteremko unazimika, na kama kuna ukanda uliobaki butu, wenyewe ndio unabaki ukiwaka peke yake kwenye giza. Unaokuambia ukweli ni ule mkao wa pili.

Uzi nao una tabia yake chini ya lenzi hii. Unaonekana kama mstari unaong'aa pale mwisho, sawa na butu, na hapo watu hukosea. Tofauti utaipata ukigeuza upande. Butu hung'aa ukiyatazama makali yenyewe uso kwa uso. Uzi hung'aa ukitazama upande mmoja, kisha ukigeuza upande wa pili unakuta kivuli. Pitisha patasi mara moja nyepesi kwenye mkanda wa ngozi, tazama tena: kama mng'ao umehamia upande mwingine, ni uzi, na kazi yako ni kuutoa kwa mapito mepesi, si kurudi jiwe la chini.

Kuna njia moja ya kuifanya lenzi ya mara 10 ifanye kazi kuliko namba yake. Paka wino wa maka peni kwenye mteremko hadi mwisho, sugua mapito matatu au manne, futa maji, tazama. Wino uliobaki ni mahali jiwe halijafika. Kwa macho matupu utaona wino umeisha. Kwa lenzi utaona mstari mweusi umebaki pale mwisho, upana wake sehemu ndogo ya milimita, nao ndio unaokuambia kwamba umeilaza patasi mno.

Udhaifu wake upo. Makali ya jiwe la 6000 kwenda juu yanaonekana kama kioo tu. Kwa lenzi hii huwezi kusema kama mikwaruzo ya jiwe lililotangulia imeisha kabisa. Mapengo madogo mno ya wembe hayaonekani. Na inataka jicho lako liwe karibu sana na chuma chenye makali, jambo ninalolichukulia kwa uzito wote. Kisu chenye ncha kilaze benchini na ukisogeze ubavu ubavu, ncha ikielekea pembeni, usiwahi kukiinua kuelekea usoni. Futa kwanza tope la jiwe, usije ukajipuliza unga wa chuma jichoni.

Hadubini ya mfukoni, mara 60 hadi 100

Ni kile kibomba kidogo cha plastiki chenye taa yake. Kwa mara ya kwanza utashangaa: patasi uliyoiona kama kioo inageuka shamba. Ndivyo alivyoona Mwingereza Robert Hooke pia. Katika kitabu chake cha mwaka 1665 cha mambo aliyoyatazama kwa hadubini, alianza na ncha ya sindano na cha pili kikawa makali ya wembe. Wembe uliokuwa laini machoni ukaonekana una matuta na mifereji kama shamba lililolimwa. Miaka zaidi ya 350 imepita na mshangao bado ni ule ule.

Swali ni utafanya nini na unachokiona. Kwa mara 60 unaona milimita chache tu za makali kwa wakati mmoja, kwa hiyo kisu cha sentimita 20 kinataka vituo vingi, na kila kituo unatafuta picha upya, kwa sababu ukiinua kisu unene wa karatasi inapotea. Nyingi zinageuza picha, unasogeza kushoto kitu kinakwenda kulia. Taa yake haihami, inapiga pale pale, na kwenye chuma kilichong'arishwa inakurudishia mwako mtupu. Ukiwa nayo, zima taa yake utumie tochi ya ubavuni. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Hata hivyo kuna mtu ambaye ningemwambia ainunue, naye ni anayenoa wembe wa kukunja. Ngozi ya shingo inahisi pengo ambalo ubao hauhisi. Wembe unamalizwa kwenye jiwe la 8000 au zaidi, na pale lenzi ya mara 10 imeshanyamaza. Kwa mara 60 utaona kama mistari ya jiwe la 4000 imefutika yote kabla hujaendelea, na kama makali yana kimego. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, kwa kutumia hadubini ya elektroni, walionyesha kwamba nywele, ambazo ni laini kuliko chuma cha wembe mara 50 hivi, zinaweza kuumega wembe pale unywele unapokutana na sehemu dhaifu ya chuma huku ukipinda. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza vimego ambavyo mtu huvilaumu kwenye jiwe lake, kumbe vimetokana na kunyoa kwenyewe. Vimego vile vyenyewe ni vidogo mno kwa kibomba cha mfukoni. Unachokiona ni vile vilivyokwisha kukua.

Kwa seremala, mara 60 ni nyingi. Mtiki, uwe wa shamba la Longuza kule Tanga au wa kwingine, una silika ndani yake, yaani chembe ngumu kama za mchanga, na baada ya kuchimba matundu machache uzuri wote ulioupamba chini ya hadubini umeshaliwa.

Hadubini ya kuchomeka kwenye kompyuta, na simu

Boksi limeandikwa mara 1000. Namba hiyo imehesabu ukubwa wa skrini, si uwezo wa lenzi. Picha inatandazwa iwe kubwa, lakini hakuna kipya kinachoongezeka. Bila stendi nzito haishikiki, na plastiki inayokuja nayo hutikisika ukipumua.

Nilitumia ya kwangu wiki nzima kwenye blade moja ya randa. Kila jioni nilikuta mikwaruzo midogo mipya, nikarudi jiweni, nikaongeza. Mwisho wa wiki niliipitisha kwenye ubao wa mninga pamoja na blade nyingine niliyoinoa kwa lenzi ya mara 10 kwa dakika kumi. Maranda yalitoka sawa, uso wa ubao ulikuwa sawa. Hapo ndipo nilipojua kikomo changu.

Lakini sijaiuza, na sababu ni vijana wa karakana. Lenzi ni ya jicho moja. Huwezi kujua mwanafunzi anatazama nini. Kwenye skrini tunasimama watatu, nanyoosha kidole, nasema huu ndio uzi, hapa jiwe halijafika, na kila mmoja anaona jambo lile lile kwa wakati mmoja. Kijana niliyemfundisha hivyo alielewa kwa siku moja kitu kilichonichukua mimi miaka. Ukifundisha, nunua hii, na uisahau namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Simu iko katikati. Kamera ya karibu pamoja na tochi ya pembeni hutoa picha nzuri, na ukibandika lenzi ya sonara mbele ya kamera unapata zaidi. Faida yake ni kumbukumbu: picha ya kabla na ya baada. Tahadhari yake ni kwamba simu huichakata picha yenyewe, hulainisha hapa na kukoleza mistari pale, kwa hiyo mstari mkali unaouona huenda umechorwa na programu. Na hakuna anayependa kushika simu kwa mikono yenye tope la jiwe.

Basi uchague kipi

Mwenye visu vya nyumbani: tochi na macho, na miwani kama unaihitaji. Seremala, mchonga vinyago, fundi viatu mwenye kisu cha ngozi: lenzi ya mara 10, bila kusitasita. Anayenoa wembe: lenzi ya mara 10 kwanza, hadubini ya mara 60 baadaye. Mkasi wa fundi cherehani nao uko kwenye lenzi ya mara 10, kwa sababu tatizo lake mara nyingi ni kipengo kimoja kinachokwamisha kitambaa, nacho kinaonekana wazi. Na wewe mnoaji mwenye gurudumu la baiskeli, unayehudumia mtaa mzima kwa siku, lenzi ya mara 10 itakulipa haraka kuliko wote, maana gurudumu huacha uzi mnene na mteja hukutana nao akiwa ameshafika nyumbani.

Dukani chukua rula. Utaona lenzi zimeandikwa "30x 21mm" zikiuzwa bei rahisi kuliko zile za mara 10. Iweke jichoni, sogeza rula mbele yake hadi mistari isomeke safi, mwenzako apime umbali kutoka kwenye lenzi, kisha gawa 250 kwa milimita hizo. Ya mara 30 ya kweli ingekutaka usogee hadi kama milimita 8. Kioo kipana milimita 21 hakiwezi kufanya hivyo bila kupinda kila kitu, na ukipima utakuta umbali ni milimita 25 au zaidi, yaani ni mara 10 au chini ya hapo. Chagua yenye vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja; mistari ya rula itabaki imenyooka hadi pembeni, bila utepe wa rangi ya zambarau. Ya kioo kimoja inaonyesha vizuri katikati tu.

Ukishaipata, usiiache wazi benchini juani. Inakusanya jua mahali pamoja kama kioo chochote cha kukuzia, na chini yake kuna maranda makavu. Ikunje kwenye ganda lake kila unapomaliza, itundike shingoni kwa kamba, isikae mfuko wa shati, kwa sababu mfuko wa fundi una vumbi la msasa na vumbi hilo litaikwaruza ndani ya mwezi mmoja.